Mgeni wa Muziki Apewe Jembe

Waswahili wana methali mbili mashuhuri kuhusu mgeni, na aghalabu msemaji huchagua ile inayomfaa. Ya kwanza humwita mgeni aje ili mwenyeji apone. Ya pili humkirimu siku mbili, na siku ya tatu humkabidhi jembe. Katika masuala ya muziki, Kenya imeishikilia ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Mpiga fidla au mpiga piano kutoka Ulaya hufika Nairobi, hukaribishwa kwa shada la maua, hupiga muziki wake jioni moja au mbili, hushangiliwa, kisha husindikizwa uwanja wa ndege. Mwenyeji hubaki na karatasi ya programu iliyochapishwa kwa Kiingereza.

Muziki unaohusika hapa ni ule unaopigwa na watu wachache, wawili hadi wanane hivi, kila mmoja akiwa na sauti yake na bila kiongozi wa kuwapungia kijiti. Unaweza kuitwa muziki wa chemba, na jina hilo lisimtie haya mwanafunzi yeyote wa Kiswahili. Ni kweli kwamba kwa mafundi bomba neno chemba lina maana isiyonukia vizuri. Hata hivyo, kumwita mtu chemba ni kumtenga na kundi ili azungumzishwe kwa faragha, na mazungumzo ya chemba ni ya watu wanaoaminiana. Ni vigumu kupata maelezo bora kuliko hayo kuhusu fidla mbili, viola na selo zinazojibizana ndani ya chumba kimoja.

Huko Ulaya na Marekani, misururu ya maonyesho ya muziki huu hufanyika katika majira yao ya joto, Juni hadi Agosti, na wanamuziki waalikwa ndio kivutio chake. Katika nyanda za juu za Kenya, Julai ni mwezi wa baridi na mawingu, lakini Agosti ni mwezi wa likizo ya shule. Wapo wanaopendekeza kwamba wageni wa aina hiyo wasiishie Nairobi. Wafikishwe pia katika miji midogo kama Kianjai, iliyo katika Tigania Magharibi, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Pendekezo hilo ni jema. Suala ambalo halijajibiwa ni wageni hao watakuwa wamekuja kwa nani, na watazungumza na wenyeji kwa lugha gani.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba muziki ni lugha ya ulimwengu na hauhitaji mkalimani. Kauli hiyo ni tamu masikioni, ila haina ukweli mwingi. Msikilizaji wa Kianjai amelelewa katika uimbaji ambao mmoja huanzisha na wengine huitikia. Katika nyimbo za Wameru za harusi, za jando na za kazi, anayekaa kimya si msikilizaji mwema. Ni mtu aliyenuna. Sasa mtu huyo aketishwe kwenye benchi la kanisa, apigiwe kipande cha Haydn chenye sehemu nne, na kila sehemu ikimalizika akipiga makofi atazamwe kwa jicho la kukemea. Ataondoka akiamini kwamba amekosa adabu, na kwamba muziki ule ni wa watu wengine.

Lau angekuwapo mtu wa kumweleza, angejua kwamba kosa si lake. Katika karne ya 18, zama za Haydn mwenyewe, wasikilizaji walipiga makofi baina ya sehemu, na walipofurahishwa waliweza kudai sehemu irudiwe. Ukimya wa sasa ni desturi iliyokomaa baadaye, katika karne ya 19. Kwa maana hiyo, mkulima wa Kianjai anayeshangilia katikati ya kipande yuko karibu zaidi na mtunzi kuliko bwana wa Nairobi anayemnyamazisha. Maelezo hayo yangechukua dakika mbili tu, mradi yatolewe kwa lugha inayofahamika ukumbini.

Historia ya taarabu inathibitisha jambo hili kwa uwazi. Masimulizi mashuhuri ya Zanzibar yanaeleza kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alialika wanamuziki kutoka Misri wamtumbuize katika jumba lake, kisha akamtuma Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga ganuni. Hapo sultani alionyesha busara ambayo waandaaji wengi wa leo hawana: alitambua kwamba mgeni akiondoka lazima ufundi wake ubaki. Mwaka 1905 kilianzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na ala za kigeni zikapata wenyewe wapya. Udi, ganuni, nai na fidla ni majina ambayo leo hayamshangazi mtu yeyote wa pwani.

Hata hivyo, kwa muda mrefu taarabu hiyo iliimbwa kwa Kiarabu na kusikilizwa na wachache. Aliyeivusha ni Siti binti Saad, mwanamke wa asili ya Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, aliyeiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo. Kundi lake lilikuwa la watu wachache wenye udi na fidla, na usiku walikutana nyumbani kwake. Kama huo si muziki wa chemba, basi neno hilo halina maana. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice. Safari hiyo mgeni alikuwa yeye, na aliimba kwa Kiswahili. Tangu hapo wanamuziki wa Zanzibar wamealikwa Ulaya mara nyingi, na hakuna aliyewataka waache lugha yao mlangoni. Inashangaza basi kwamba Mkenya akiwa mwenyeji katika ardhi yake ndiye anayeificha lugha yake mgeni asije akachukizwa.

Jembe la mgeni wa muziki ni kazi ya kufundisha na kufundishwa. Mfano upo Unguja, ambako Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha tangu 2002, na wanamuziki kutoka nje huketi pamoja na walimu na wanafunzi wa taarabu. Mfano mwingine upo Korogocho, Nairobi, ambako mradi wa Ghetto Classics uliwapa watoto wa mtaa huo fidla na tarumbeta, na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom, lililoanza 2014, yakaelekezwa kuusaidia. Mradi huo haukumtaka mtoto wa Korogocho aridhike na kutazama.

Kianjai nako mgeni angekuta watu wa kufanya nao kazi. Kwaya za makanisa zipo, na walimu wanaoandaa wanafunzi kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya wapo. Tamasha hilo, ambalo asili yake ni mwaka 1927, limefanya mengi mema, lakini limewazoesha vijana kuuona muziki kama mashindano: waimbe, wapewe alama, warudi nyumbani. Mtihani wa darasa la nane nao uliacha kutahini muziki mapema katika miaka ya 2000, na shule nyingi zikauweka kando. Kijana aliyepita katika shule hizo hana haja ya jioni moja ya kustaajabia vidole vya mgeni. Ana haja ya siku nne za kuonyeshwa namna selo inavyoshikwa na namna sauti nne zinavyosikilizana. Naye mgeni ana haja ya kuonyeshwa namna wapiga ngoma wa Chuka, majirani wa kusini, wanavyobana ngoma ndefu kati ya mapaja na kucheza huku wakipiga. Asipotoka jasho hapo, hajafika Meru.

Hapa huzuka pingamizi lenye uzito. Lugha ya Kianjai ni Kimeru, katika lahaja ya Kitigania. Kwa nini basi Kiswahili kipewe nafasi? Anayetetea Kiswahili kwa kukidharau Kimeru hakifai Kiswahili. Wimbo wa Kimeru uimbwe kwa Kimeru, na wazee wanaoketi Nchiru, kwenye makao ya Njuri Ncheke, wasitafutiwe lugha nyingine ya kusifia kilicho chao. Lakini sokoni Kianjai wapo pia wafanyabiashara, walimu na maafisa kutoka kwingineko, na katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wote hao hukutana katika Kiswahili. Programu yenye Kimeru na Kiswahili bega kwa bega haimwachi mtu nje. Programu ya Kiingereza pekee humwacha nje bibi aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba.

Upo pia upungufu ambao wasomi wa Kiswahili hawawezi kumtupia mwingine. Kiswahili kina mahadhi, lahani, kibwagizo, mdundo na kina maneno mengine mengi ya muziki, lakini ni nadra kuyasikia yakitumiwa kueleza muziki unaopigwa saa hiyo hiyo mbele ya watu. Hukaa ndani ya kamusi na katika majibu ya mtihani wa ushairi. Chama cha Kiswahili kinaweza kujadili istilahi mwaka mzima bila kumpata mpiga fidla wa kuzijaribia.

Jambo la mwisho ni malipo, ambayo waandaaji hupenda kuyanong'ona. Mgeni hulipiwa nauli, hoteli na ujira. Kwaya ya mahali iliyoimba kabla yake hupewa soda na shukrani. Anayeitaka Kianjai iwe mwenyeji na awalipe wenyeji.

Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo huangukia katikati ya msimu ambao wanamuziki wa Ulaya husafiri. Vyuo vya Meru, Chuka na Embu haviko mbali na Kianjai. Wanafunzi wanne wa Kiswahili, wawili wakiwa wazawa wa Tigania, wanatosha kuandaa programu ya lugha mbili, kumkalimania mgeni darasani kwa siku nne, na jioni ya tano kusimama kanisani kuwaeleza watu kwamba makofi yanaruhusiwa.