Mwenye Kiti si Mwenye Mali

Tarehe 29 Julai 2020 Ndugu Benjamin William Mkapa alizikwa kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi. Taifa lilimlilia Rais wa Awamu ya Tatu. Sisi wa magazeti twamkumbuka pia kuwa mwenzetu, kwani mwaka 1966 alishika uhariri wa magazeti ya TANU. Lakini leo twataka kunena juu ya jambo jingine. Mwaka 2006, miezi michache baada ya kutoka Ikulu, alianzisha taasisi yenye jina lake, ambayo imepeleka watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni ambako wengi hawapendi kwenda, na kuwajengea nyumba za kukaa. Mwanzilishi amelala Lupaso, na kazi haikuzikwa pamoja naye.

Hilo si jambo la bahati. Kwa Sura ya 318 ya Sheria za Tanzania, wadhamini wakiisha kuandikishwa huwa kama mtu mmoja mbele ya sheria, mtu asiyekufa, mwenye muhuri wake, awezaye kushitaki na kushitakiwa. Mali ni ya huyo. Wanachama hawahitaji mfano wa mbali: majengo na viwanja vya Chama vimo mikononi mwa Wadhamini, wala hakuna katibu wa wilaya awezaye kuviuza kwa hiari yake.

Basi mwenyekiti ana kazi gani? Ni kuita mkutano kwa wakati wake. Ni kuona kwamba wajumbe wamepata hesabu kabla ya kuketi, si wakati chai inapomiminwa. Ni kumpa nafasi mjumbe mkimya kabla ya msemaji wa kila siku. Humwuliza mkurugenzi maswali magumu mbele ya bodi, kisha humwacha atende kazi yake. Kura yake haimfanyi bodi.

Twasema haya kwa sababu bodi nyingi ndogo, za zahanati, shule, misikiti na makanisa, zina mwenyekiti wa miaka na miaka, ambaye wenzake huona haya kumwuliza. Siku afapo, muhuri hutafutwa chini ya kitanda chake, na warithi huanza kugombania kiwanja na waumini. Wanachama waliomo katika bodi za namna hiyo twawaomba, katika kikao kijacho, waulize muhuri uko wapi, na nani aliyetia sahihi hundi ya mwisho.