UCHAMBUZI: Wembamba wa miwani ya kidijitali una bei, nayo hulipwa kwa mwanga

HUKU kampuni kubwa za teknolojia nchini Marekani zikishindania kutuvika tarakilishi usoni, sifa moja imekuwa ikirudiwa katika kila uzinduzi: wembamba. Kifaa kipya, tunaambiwa, ni chembamba kuliko kilichokitangulia, na picha yake haijapoteza chochote.

Dai hilo la pili ndilo linalostahili kupigwa darubini.

Uzani umekuwa adui wa vifaa hivi tangu 1968, Ivan Sutherland alipounda kile ambacho wengi hukitaja kuwa cha kwanza cha aina hiyo. Chake kilishikiliwa na mtambo ulioning’inia kutoka darini, na mzaha wa kukiita upanga wa Damokle umedumu hadi leo.

Chanzo cha tatizo ni jicho lenyewe. Haliwezi kusoma kitu kilichobandikwa sentimita tano mbele yake; sogeza ukurasa wa gazeti hadi puani uone maandishi yanavyogeuka ukungu. Kwa hivyo kati ya jicho na skrini huwekwa lenzi inayolihadaa jicho liamini kuwa picha iko mita moja au mbili mbele.

Lenzi hiyo nayo haifanyi kazi ikigusana na skrini. Inahitaji nafasi tupu ya sentimita kadhaa, na nafasi hiyo ndiyo iliyofanya vifaa vya awali vionekane kama sanduku lililofungwa usoni. Isitoshe, gramu mia moja zilizo mbali na paji la uso huielemea shingo kuliko gramu mia moja zilizo karibu, kama ndoo inavyolemea zaidi mkono ulionyooshwa.

Jawabu la kwanza lilitoka katika karne ya 19. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alikuwa amebuni lenzi bapa yenye matuta ya duara kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Oculus Rift ya 2016 ilitumia lenzi za ukoo huo, na Quest 2 ya 2020 vivyo hivyo. Ni nyepesi na rahisi kutengeneza. Hata hivyo, kila tuta lina ukingo, na kila ukingo hutawanya mwanga. Atazamaye maandishi meupe kwenye usuli mweusi huona miale ikitambaa pembeni, mithili ya taa za gari usiku wa mvua.

Ndipo ikaja lenzi ambayo wahandisi wameipa jina la chapati ya maji kwa sababu ya ubapa wake. Siri yake si kuondoa ile nafasi tupu, bali kuikunja. Mwanga hupita mbele, ukarudishwa nyuma, kisha ukaelekezwa mbele tena hadi jichoni. Njia hiyo moja hutumiwa mara tatu, na unene wa kifaa ukapungua. Kampuni ya Meta ilisema sehemu ya lenzi katika Quest 3 ya 2023 imepungua unene kwa asilimia 40 ikilinganishwa na Quest 2.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa hapa ndipo matangazo ya biashara hunyamaza. Ili mwanga ukunjwe hivyo, mojawapo ya vioo vyake lazima kipitishe nusu ya mwanga na kurudisha nusu nyingine. Mwanga hukutana na kioo hicho mara mbili. Mara ya kwanza nusu hupotea. Mara ya pili nusu ya kilichosalia hupotea. Kinachofika jichoni hakiwezi kuzidi robo.

Na hiyo ni robo ya mwanga ambao tayari umechujwa utetemeke kwa mwelekeo mmoja. Skrini isiyotoa mwanga wa namna hiyo hupoteza nusu nyingine kabla ya safari kuanza, ikabaki sehemu moja kwa nane. Mwanga uliopotea haukutoweka wote: kiasi chake huzurura ndani ya lenzi na kuzaa vivuli hafifu vya picha, ambavyo huonekana zaidi penye giza.

Mhandisi afanyeje? Huongeza ung’avu wa skrini. Skrini kali hula umeme, umeme huzaa joto, joto hudai feni, na vyote hudai betri kubwa. Uzani ulioondolewa kwenye lenzi unarejea kupitia mlango wa nyuma.

Takwimu za kampuni zenyewe zinalithibitisha hilo. Quest 2, yenye lenzi za zamani, ina gramu 503. Quest Pro ya 2022, iliyokuwa ya kwanza ya Meta kutumia lenzi za chapati, ilikuwa na gramu 722, na Quest 3 ina gramu 515. Unene ulipungua, uzani haukupungua. Vision Pro ya kampuni ya Apple, iliyoingia sokoni Februari 2024 kwa dola 3,499, ilikuwa na gramu zipatazo 600 hadi 650, na betri ikahamishiwa mfukoni mwa mtumiaji. Toleo la Oktoba 2025 lilifika gramu 750 hadi 800, kwa kiasi fulani kwa sababu ukanda wa kichwani uliongezewa vipande vya metali ya tungsteni ili kusawazisha mbele na nyuma. Hiyo ni kukiri, kwa vitendo, kwamba shingo ilikuwa imelalamika.

Wapo watakaotaja Bigscreen Beyond ya 2023, yenye lenzi za chapati na gramu 127 pekee. Ni kweli, lakini haina betri wala tarakilishi ndani yake. Hutegemea waya na tarakilishi iliyo mezani, na sehemu inayogusa uso hutengenezwa kwa kipimo cha uso wa mnunuzi mmoja. Nakipenda kifaa hicho kwa sababu hakifichi kilichoachwa.

Kuna pia wanaoamini kuwa programu zitatibu kila kasoro. Programu hunyoosha mistari iliyopinda na kupatanisha rangi zilizoachana pembeni. Lakini haiwezi kurejesha mwanga uliokwisha kupotea. (Aliyevuka miaka hamsini kama mwandishi huyu ana gharama nyingine: vifaa vingi havina nafasi ya miwani ya kusomea, na Apple huuza lenzi za ziada kwa dola 99.)

Vifaa hivyo vyote hufunika macho. Ile miwani ya kuonea picha juu ya dunia halisi ina sheria kali zaidi. Ndani yake mwanga husafirishwa kwa kudundadunda katika kipande chembamba cha kioo, kisha mistari midogo mno iliyochorwa humo huutoa kidogo kidogo kuelekea jichoni. Katika miundo mingi, kinachofika ni asilimia chache tu ya mwanga uliotumwa, na aghalabu hata asilimia moja haitimii.

Aidha, upana wa picha hutegemea kioo chenyewe. Mnamo Septemba 2024 Meta ilionyesha Orion, miwani ya majaribio ya gramu 98 hivi yenye upana wa nyuzi 70, iliyotumia silikoni kabaidi badala ya kioo cha kawaida. Haikuuzwa. Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyo ilitangaza ile inayouzwa, Ray-Ban Display, kwa dola 799: gramu 69, upana wa nyuzi 20, na picha katika jicho la kulia pekee. Maandishi yake husomeka vizuri. Kilichotolewa kafara ni upana.

Mteja wa duka anaweza kurejesha bidhaa. Mwanajeshi hawezi. Mnamo 2021 Jeshi la Marekani liliipa Microsoft kandarasi ya hadi dola bilioni 21.9 kwa miaka 10, ya kuunda miwani ya vita kutokana na HoloLens. Katika majaribio ya 2022, wanajeshi waliripoti kuumwa na kichwa, kuchoka macho na kichefuchefu. Zaidi ya asilimia 80 ya walioathirika walianza kuhisi hivyo kabla ya saa tatu kwisha. Iliripotiwa pia kwamba mwanga uliovuja kutoka kwenye miwani ungeweza kuonekana kutoka umbali wa mamia ya mita. Mwanga usiofika jichoni, katika uwanja wa vita, humfikia adui.

Januari 2023 iliripotiwa kwamba Bunge la Congress limekataa ombi la dola milioni 400 za kununua miwani zaidi ya aina hiyo. Februari 2025 ikatangazwa kuwa mradi utachukuliwa na kampuni ya Anduril, na Septemba mwaka huo jeshi likaipa kampuni hiyo kandarasi nyingine ya kuunda mfano mpya. Utajaribiwa na wanajeshi wale wale wa kawaida, wakiuvaa kwa saa nyingi.