Eti "usiogope, haumi"

Kuna sentensi moja nimeichoka. Nimeisikia Dar, nimeisikia Mwanza, na tangu nianze kupita pita Murongo kufuatilia habari za mpakani nimeisikia karibu mara nyingi kama salamu. Mbwa anakujia mbio, ulimi nje, mkia unazunguka kama feni, anakurukia kifuani na kukupaka tope shati zima. Mwenye mbwa kakaa zake kibarazani anamenya ndizi. Hanyanyuki. Anapaza sauti tu: "Usiogope, haumi, anacheza!"

Nani kakuuliza kama anauma? Mimi nilikuwa napita.

Wenye mbwa, leo tugombane kidogo. Na msianze kuniambia mwandishi ni mwoga wa mbwa. Nimekulia nyumba yenye mbwa, nawapenda, na huyo wa kwenu mwenyewe sina ugomvi naye. Ana miezi minane, ana nguvu kuliko akili, na kila mtu anayepita kwake ni sherehe. Ugomvi wangu ni na wewe uliyekaa.

Kwa msiofika huku: Murongo iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ukingoni kabisa mwa mto Kagera. Ukivuka daraja uko Kikagati, Uganda. Si mji wa mageti huu. Kule Mikocheni mbwa yuko nyuma ya ukuta na getini pameandikwa MBWA MKALI, hata kama ndani hakuna mbwa wala kivuli chake. Huku ukuta ni migomba. Njia ya watu inapita katikati ya shamba, mbele ya mlango wako, na wanaoitumia ni watoto wa shule, wazee wenye fimbo, kina mama wenye mizigo kichwani na vijana wa bodaboda. Hakuna kibao kinachosema "Jihadhari, mbwa mchangamfu". Unagundua akishakufikia.

Sasa nieleweshwe jambo moja. Mbuzi tunamfunga kamba. Mbuzi! Mnyama asiyeuma mtu, asiyemrukia mtu, kosa lake ni kwamba akiachwa atakula maharage ya jirani, na akiyala kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo na fidia inatajwa. Mbwa akimwangusha jirani mwenyewe, hapo ni utani. Yaani maharage yana haki kuliko mwenye maharage?

Nilishuhudia hili siku moja ya gulio. Mama kabeba trei mbili za mayai, mbwa kaja kumsalimia. Hakumng'ata, nakubali. Alisimama tu kwa miguu miwili na kumwekea mikono kiunoni kama anamwomba wacheze dansi. Mayai yakaenda chini. Mwenye mbwa alicheka kwanza, halafu akasema "samahani mama, bado mtoto huyu". Mtoto! Na mayai yalikuwa ya watoto gani? Hakuna aliyelipa. Waliokuwepo wengi walicheka pia, na nadhani ndiyo maana hakulipa.

Kuna jambo lingine ambalo wasomi wetu hulichukulia kama ushamba. Muislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ndio hao, mate ya mbwa kwake ni najisi. Nguo iliyolambwa inaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee katoka nyumbani na kanzu yake Ijumaa, mbwa wako kamlamba, wewe unamwambia "anakupenda huyo". Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mzee huyu hata hakucheza naye. Aliyecheza ni wewe.

Haya, tuache mayai na kanzu. Tuje kwenye kifo.

Kichaa cha mbwa hakisubiri meno yazame. Virusi viko kwenye mate. Mbwa mgonjwa akikung'ata, akikukwaruza, au akikulamba mahali penye kidonda, vinaweza kuingia. Goti la mtoto wa darasa la pili lina kidonda muda wote, mnalijua. Na mbwa anayeanza kuugua si lazima aonekane kama kwenye picha, povu mdomoni na macho mekundu. Siku za mwanzo hubadilika tabia tu: mpole anakuwa mkali, na mwingine aliyekuwa mwoga anaanza kujipendekeza kwa watu. Kwa hiyo katika mtaa ambao kila mbwa anarukia kila mtu, na kila mtu kazoea, utamjuaje huyo mmoja? Mtoto aliyekwaruzwa hatasema nyumbani. Aseme nini, wakati kila siku anakwaruzwa na kila siku anaambiwa "anacheza"?

Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi mno Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga ipo, tangu enzi za Louis Pasteur mwaka 1885: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha ukimbilie chanjo siku hiyo hiyo, na urudi kwa sindano zinazofuata. Lakini kukimbilia huko kuna nauli. Kama kituo cha karibu hakina chanjo, mtu wa Murongo anaanza kufikiria Kayanga, akikosa huko Bukoba, na mfukoni ana hela ya chumvi. Chanjo ya mbwa ni rahisi mno ukilinganisha na ya mtu. Ukimuuliza mwenye mbwa kama wake kachanjwa, anakutazama kama umemuuliza kama mbwa ana cheti cha kuzaliwa.

Najua jibu linalokuja: "Mbwa ni mlinzi, nikimfunga atalindaje?" Mlinzi gani huyo? Anayemrukia kila mgeni kwa furaha atamrukia na mwizi kwa furaha. Hapo huna askari, una mtu wa mapokezi. Wala sijasema umfunge mnyororo mfupi usiku na mchana. Mbwa wa hivyo ndiye anayegeuka mkali kweli, na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Nasema kamba asubuhi watoto wanapokwenda shule, kamba jioni wanaporudi, kamba siku ya gulio. Usiku mwachie, ndio muda wa kazi yake.

Na afundishwe. Hili linaonekana mambo ya Wazungu lakini halina gharama yoyote. Mbwa anaruka kwa sababu anautafuta uso wako. Alipokuwa kidogo alikurukia magotini ukacheka, ukambeba. Alichojifunza ni kwamba kuruka kunalipa. Sasa ana kilo 15 na anaendelea kudai mshahara ule ule. Ukimsukuma, kwake ni mchezo. Ukimpiga teke, unapata mbwa mwoga, na mwoga ndiye anayeuma. Akiruka mpe mgongo, kunja mikono, usimtazame, usiseme neno. Miguu yote minne ikirudi chini, hapo hapo msifu, mpe hata kichwa cha dagaa. Nyumba nzima ifanye hivyo, na yule shemeji anayependa kurukiwa naye afanye hivyo, maana mmoja akivunja mnaanza upya. Mgeni akija, mwache mbwa na kamba inayoburuzika chini. Ikanyage kabla hajafika kwa mgeni. Na mfundishe kuitika jina lake huku mkononi una kitu, siyo kumwita ili umchape. Nani anakimbilia kuchapwa?

Halmashauri nazo zina lao. Mbwa wakizidi mitaani dawa inayotajwa kwanza mara nyingi ni bunduki. Pemba walifika mbali kwa njia nyingine: walichanja mbwa kwa wingi, kichaa kikaisha mwaka 2014, kikarudi 2016, wakachanja tena na kufikia 2018 kikaisha tena. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa unakosa pa kupita. Risasi haijawahi kuleta matokeo hayo, na ukifikiria kidogo unaona kwa nini. Mbwa mwenye shaka na watu akiona mtu kashika bunduki anaingia migombani. Anayemkimbilia mwenye bunduki akitikisa mkia ni yule wa kwako asiyeuma, na huenda ndiye pekee aliyechanjwa mtaa mzima.