Bangili Inauzwa, Jina Linaachwa

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale, Mombasa, na katika yale ya Lamu, aghalabu mapambo ya fedha hupangwa kwa namna moja ndani ya kasha la kioo: pete upande huu, mikufu upande ule, na katikati fungu la vitu vya mviringo vilivyobandikwa kijikaratasi chenye neno moja la Kiingereza lenye maana ya bangili. Chini ya neno hilo huandikwa bei. Mnunuzi huuliza umri, akajibiwa kuwa ni miaka mia mbili. Huuliza kama fedha ni halisi, akaapiwa. Swali lisiloulizwa ni lile lililo jepesi kuliko yote: kitu hiki kinaitwaje?

Hapana shaka kwamba biashara ya kutafuta mapambo makuukuu na kuyauza tena ni biashara halali kwa sehemu kubwa, na imewalisha wengi katika pwani ya Kenya. Hoja inayotolewa hapa si kuipinga. Hoja ni kwamba swali hilo lisiloulizwa linawatia hasarani watu wawili kwa mpigo, mfanyabiashara mwenyewe na mwanafunzi wa Kiswahili, na kwamba huyu wa pili ana lawama zaidi, maana kuuliza majina ndiyo kazi yake.

Kile kiitwacho bangili kwa jumla kilikuwa na majina mengi kwa wenyewe. Palikuwa na kekee, pambo la fedha lililo pana na bapa. Palikuwa na timbi. Palikuwa na kikuku, ambacho chaweza kuwa cha mkono au cha mguu, na mtali na furungu za miguuni. Pua ilikuwa na kipini na hazama. Sikio nalo lilikuwa na jasi, kipuli na herini, kila kimoja kwa tundu lake. (Siku hizi anayesema vipuli darasani huulizwa vya gari gani, kwa jinsi vipuri vya mitambo vilivyoyafunika mapambo ya masikio.) Kekee, kwa wasiojua, ni jina la chombo cha seremala cha kutobolea mbao pia, na kipini ni mshikio wa kisu. Haya ni maneno ya watu waliokuwa na karakana, si ya watu waliokuwa na sanduku la mapambo tu.

Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anataja kugesi za miguuni, makoa ya mikononi na kidani cha shingoni kama mtu anayetaja vitu avijuavyo kwa kuvivaa. Mwalimu anayefundisha utendi huo leo hulazimika kutia tanbihi, na mara nyingi tanbihi yenyewe husema tu: aina ya pambo. Fasiri ya namna hiyo ni ungamo kwamba mfasiri hajapata kukiona kitu chenyewe. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba huenda kitu hicho kimelala ndani ya kasha la kioo Mombasa, hakina jina, wakati jina lake limelala katika kitabu Nairobi, halina kitu.

Vimetenganaje? Safari ya pambo kutoka sandukuni hadi dukani ni fupi, lakini ina mikono mingi. Karo ya mjukuu inapodaiwa, au mgonjwa anapohitaji kusafirishwa, bibi hufungua sanduku. Yeye anajua lile ni pambo gani, lilivaliwa siku gani ya harusi, na lilitoka kwa nani. Mjukuu anayetumwa kulipeleka huenda akakumbuka nusu ya hayo. Dalali analolinunua hana haja ya kukumbuka, kwa sababu mwenye duka hatamwuliza. Mwenye duka naye amezoea wateja wasiojua lugha, basi akaona ni hekima kuandika neno watakaloelewa. Kufikia mkono wa nne, pambo limekuwa bangili, na bangili ile ikipanda ndege inageuka kuwa bangili ya Kiafrika, bila pwani, bila mji, bila mwenyewe.

Na hiyo ndiyo njia ya heri. Njia nyingine huishia katika moto wa sonara. Dhahabu haina bahati ya kuitwa ya kale. Hupimwa kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, na hulipiwa uzito wake baada ya kukatwa kiasi cha mchanganyiko. Ufundi hauhesabiwi. Mwezi wa Machi 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 3,000 katika soko la dunia kwa mara ya kwanza, na kufikia Oktoba mwaka huo huo ikapita dola 4,000. Kwa bei kama hizo, ni nani atakayemlaumu mwenye shida kwa kuyeyusha kidani cha nyanyake? Ndiyo maana katika maduka hayo fedha ni nyingi na dhahabu kongwe ni adimu. Fedha imesalimika kwa unyonge wake: uzito wake hauna thamani kubwa, kwa hiyo umbo lake limeachwa liishi.

Wapo watakaosema kwamba majina ni anasa ya wasomi, na kwamba mfanyabiashara anahitaji faida, si msamiati. Jibu la dai hili halimo katika isimu. Limo katika historia ya vito vya Afrika Mashariki vyenyewe. Mwaka 1967 yalianza kupatikana huko Merelani, kaskazini mwa Tanzania, mawe ya rangi ya buluu yenye kuelekea zambarau. Kwa wanajiolojia yalikuwa zoisaiti. Kampuni ya Tiffany ya New York haikuliona jina hilo kuwa la kuuzia mkufu, na mwaka 1968 ikayatangaza kwa jina la tanzanaiti. Mwaka ule ule wa 1967 Campbell Bridges, mwanajiolojia mzaliwa wa Uskoti, aliipata ganeti ya kijani kibichi nchini Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya sabini akapata nyingine upande wa Kenya, Taita-Taveta. Mwaka 1974 Tiffany hao hao waliiingiza sokoni kwa jina la tsavoraiti, kutokana na Tsavo.

Mawe hayakubadilika hata chembe. Hayakuongezeka uzito wala mng'aro. Kilichobadilika ni jina, na jina lilibeba mahali: Tanzania, Tsavo. Wauzaji wa New York walielewa kwamba mnunuzi wa kito hulipia masimulizi pamoja na jiwe, na kwamba jina ndilo mlango wa masimulizi hayo. Sasa mlinganishe na mwenye duka anayelichukua pambo lililokwisha kuwa na jina, mahali na historia, akayafuta yote matatu na kuandika bangili. Anafanya kinyume cha Tiffany, kisha analalamika kwamba wateja wanabishana bei.

Ujuzi wa majina huendana na ujuzi wa vitu, na hapa pia pana fedha. Chukua riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria iliyotumika pwani hii, Omani na Uhabeshi. Ina tarehe ya 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Baada ya kifo chake iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna na baadaye hata Rome, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Kwa hiyo kidani kilichoning'inizwa riale yenye 1780 hakithibitishi kwamba ni cha 1780. Huenda sarafu yake ni ya karne ya 20. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 kati ya 1,000 ni fedha tupu. Wafua fedha waliiyeyusha kutengenezea mapambo. Basi kikuku cha fedha ya riale hakitarajiwi kuwa na alama ya 925, ambayo ni kipimo cha fedha bora zaidi. Anayeonyesha alama hiyo kuwa ni ushahidi wa ukale anautoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Mfano wa pili ni kaharabu. Shanga kubwa za manjano zinazouzwa kwa jina hilo, nyingi ni za kiwandani, zilizotengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya soko la Afrika. Kaharabu ya kweli, ambayo ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe, huelea katika maji yaliyokolezwa chumvi sana; ile ya kiwandani huzama. Hata wanafunzi wa lugha huichanganya kaharabu na ambari, ambayo hutoka kwa nyangumi na haifai kutungwa shanga, bali hufukizwa.

Sarafu zenyewe, ambazo wauzaji huziweka katika bakuli kama njugu, ni kamusi ya etimolojia. Humo mna pesa ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ya mwaka 1888, yenye picha ya mizani na jina la Mombasa. Mna heller ya Wajerumani, ambayo iliachia Watanzania neno hela. Mna senti tano yenye tundu, ndururu ya wazee wa Kenya. Na mna senti hamsini, thumuni, ambayo imewatatiza wanafunzi wengi: neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane limekujaje kuitwa nusu ya shilingi? Fumbo hufumbuka mtu anapokumbuka kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya riale, na kwamba thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale kabla shilingi haijafika.

Suala hili lina upande mchungu zaidi, ambao hauhusu bei. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za ukumbusho zinazosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha gohu, viliibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo vikiitwa sanamu. Watafiti walioandika mwaka 2003 walihesabu 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Viwili vilivyoibwa Kilifi mwaka 1985 vilirejeshwa kwa familia mwaka 2007, na mwaka 2019 vikarudi vingine 30 vilivyokuwa Denver. Kigango kinapoitwa kigango, kila msikilizaji wa Kilifi ajua kwamba hakiuziki. Kikiitwa sanamu, kinauzika. Kufutwa kwa jina hapa ndiko kulikosafisha wizi.

Sheria ipo. Ile ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Humtaka anayefanya biashara ya vitu hivyo awe na leseni, na anayevitoa nchini awe na kibali. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946 imelindwa kwa kutajwa peke yake. Yaelekea wauzaji wengi hawajaisoma. Anayeapa bila leseni kwamba kikuku chake kina miaka mia mbili, ama anamdanganya mteja, ama anakiri kosa. Ni bora kwake kama anadanganya.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumwambia bibi wa Lamu au wa Siyu asiuze. Kidani ni akiba yake. Kilinunuliwa kwa nia hiyo tangu hapo, na msomi asiyemlipia karo mjukuu wake hana kauli. Linaloweza kudaiwa ni dogo. Kila pambo linapotoka mkono wa kwanza, liandikwe kwenye kadi: jina lake kwa lahaja ya mwenyewe, mji lilikovaliwa, sehemu ya mwili, wakati wa kulivaa, uzito, na picha. Kadi ifuatane na pambo hadi dukani na nakala yake ibaki. Mwenye duka akiwa na kadi hiyo ana masimulizi ya kweli ya kumpa mteja, na hatalazimika kuapa.

Nakala ibaki wapi? Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoingia. Tasnifu za uzamili kuhusu dhamira na wahusika katika riwaya zile zile tano zimejaza rafu za maktaba, na si siri kwamba baadhi yake zinafanana kama mapacha. Ni ngapi zimeandikwa juu ya msamiati wa wafua fedha? Mafundi wa fedha wangalipo Lamu. Mikusanyo ya mapambo iko katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus. Maduka yako wazi tangu asubuhi. Kazi hiyo ingehitaji mizani ndogo, simu yenye kamera, daftari na barua ya utambulisho kutoka idarani, na ingeweza kuanza likizo hii, kwa watu wachache, katika mtaa mmoja. Walioivaa mitali hiyo wakiwa wasichana wamebaki wachache, na wengi wao wamepita miaka themanini.