Wanaouita Muziki wa Shetani

Jumapili moja mhubiri wa hapa Musoma alitangaza, kwa vipaza sauti vilivyosikika mpaka Mwigobero, kwamba muziki wa hevi metali ni kelele za shetani na kijana akutwaye nao achapwe. Waumini wakapiga makofi. Mimi, mzee wa miaka sabini na mitatu, mwalimu mkuu mstaafu, nilikaa kimya kama mtu aliyefumaniwa. Niliyoyameza siku ile nayasema hapa.

Muziki huo naupenda tangu 1974. Mwaka naukumbuka kwa sababu ndio ule ambao TANU ilikutana mjini kwetu, Novemba, ikatoa Azimio la Musoma, nasi walimu vijana tukawa tunabishana juu ya elimu kwa wote mpaka usiku. Mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu alikuja likizo na santuri ya Black Sabbath, Paranoid, iliyotoka 1970. Tukaiweka kwenye gramafoni ya betri. Gitaa lilipoanza kunguruma kule chini sikuona ugeni wowote. Nililijua! Lilikuwa ritungu la wajomba zangu Wakurya, lile la nyuzi nane, ambalo likipigwa na mtu anayejua unalisikia tumboni kwanza, ndipo masikioni. Tuliirudia santuri ile hadi betri zikalegea na mwimbaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi.

Shetani, wanasema. Basi wausikilize kwanza. Wimbo unaofungua santuri ile, War Pigs, unawalaani wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaachia maskini kufa. Mhubiri gani ataukataa ujumbe huo? Master of Puppets wa Metallica, wa 1986, unaeleza jinsi dawa za kulevya zinavyomfanya mtu kuwa mtumwa. Naye Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17; akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga. Kisa hicho nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wavivu bila kuwaambia ni cha nani.

Wengine husema ni uzungu. Hawa hunichosha zaidi, maana nawafahamu tangu ujana wangu. Mwaka 1969 Operesheni Vijana ilipiga vita sketi fupi na suruali za kubana, na mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, yote kwa jina la utamaduni. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wimbo wa kundi lake la Queen, Stone Cold Crazy, wa 1974, ndio Metallica waliourudia wakapata tuzo ya Grammy 1991. Sunburst walianzia Dar es Salaam, wakarekodi Ave Africa nchini Zambia mwaka 1976. Na vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma, yaani giza kwa Kikikuyu, walitoa albamu yao 2020 kupitia Kampala. (Hao, nakiri, walinishinda. Nyimbo mbili tu nikatafuta dawa ya kichwa.)

Lakini siwezi kumrushia mhubiri mawe huku yangu nimeyaficha. Mwaka 1989 nilimkuta mvulana wa darasa la saba na kanda ya Iron Maiden aliyoletewa na kaka yake kutoka Nairobi. Mkaguzi alikuwa akitarajiwa, na walimu wenzangu walikuwa wakinitazama nitafanya nini. Nikamchapa viboko vinne mbele ya gwaride la asubuhi, nikatamka maneno yaleyale: kelele za shetani. Jioni nikajifungia nyumbani, nikaitia kanda ile kwenye redio yangu. Mwisho wake ulikuwa wimbo wa zaidi ya dakika 13 juu ya baharia aliyemwua ndege, uliotokana na shairi la Coleridge la 1798, shairi ambalo mimi nililikariri chuoni kwa kulazimishwa. Mtoto yule alikuwa akilisikiliza kwa hiari yake.

Hakurudi tena shuleni, na mtihani wa darasa la saba ukampita. Nauliza wanaopiga makofi: kati ya kanda ile na fimbo yangu, ni kipi kilichomharibu?

Ozzy Osbourne alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 baada ya kuimba mara ya mwisho kwao Birmingham. Nilipopata habari nilifungua kabati nikaitoa kanda ile. Jina la mtoto bado lipo, kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi yake. Nimewauliza wavuvi wa rika lake pale Mwigobero. Mmoja anasema alihamia Ukerewe, mwingine anasema siye huyo. Kanda yenyewe bado inalia, ila upande wa kwanza unakwaruza kidogo.