Mwenye shamba hutafuta matunda, hahesabu majani



Katika Injili ya Luka 13:6-9, Bwana anasimulia habari za mtu aliyeujia mtini wake miaka mitatu akitafuta matunda, asipate kitu. Hakuuliza mti una majani mangapi. Aliuliza matunda. Leo napenda tupime kwa simulizi hiyo kazi zetu za afya.

Sisi watu wa Kanisa tunapenda kuhesabu majani. Miaka kadhaa iliyopita niliwatangazia waamini kwa furaha kwamba vyandarua vyote tulivyoletewa parokiani vimegawiwa. Vigelegele vikapigwa. Wiki chache baadaye nilimpelekea bibi mmoja mgonjwa Komunyo. Chandarua chake kilikuwa bado ndani ya mfuko. Wajukuu walilala kwenye mkeka sebuleni, na hapakuwa na mahali pa kukitundika. “Baba Paroko,” akaniambia, “hakuna aliyeniuliza.” Misumari minne na kamba vingetosha. Lakini katika taarifa yangu, nyumba ile ilikuwa imeshakingwa.

Wataalamu wanaijua hatari hiyo. Katika tafiti za kitaifa za malaria, mdadisi haishii kuuliza kama nyumba ina chandarua. Huuliza nani alilala ndani yake usiku uliopita. Hata kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya takribani watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, haikutazamwa kwa wingi wa wasikilizaji peke yake. Ilitazamwa pia kwa vyoo vilivyochimbwa na usafi wa mazingira ya nyumba.

Lipo swali jingine, gumu zaidi: je, ugonjwa umepungua, na umepungua kwa sababu ya kazi yetu? Mwaka wa ukame mbu hupungua wenyewe. Tusipolinganisha na miaka iliyotangulia, au na kijiji jirani ambacho hatukukifikia, tunaweza kujitwalia sifa ya jua.

Wapo watakaosema: “Padre, tumetoa kwa moyo, Mungu anajua.” Ni kweli, Mungu hutazama moyo wa mtoaji. Lakini mbu hazuiwi na nia yangu njema. Anazuiwa na chandarua kilichotundikwa. Na senti za mjane zilizonunua chandarua kinachokaa mfukoni, mimi paroko nitaulizwa habari zake.

Hata hivyo, tusiogope kupimwa. Mtunza shamba wa Injili hakubisha kwamba mti hauna matunda. Aliukubali ukweli, kisha akaomba mwaka mmoja wa kuupalilia na kuutilia samadi. Alikubali pia kwamba usipozaa baada ya hapo, ukatwe. Ndivyo tathmini ilivyo: inatuonyesha pa kupalilia, na mara nyingine inatutaka tuache mradi tunaoupenda lakini hauwasaidii watu.

Basi wiki hii, mkimaliza sala ya jumuiya, ulizaneni bila kuaibishana: usiku wa kuamkia leo, nani katika nyumba zetu amelala bila chandarua, na kwa nini? Aliye na nyundo aje nayo. Na majibu mpelekeeni paroko wenu, hata kama yatamuuma.