Dakika za Maombi Kanisani

Leo utakapotoka kanisani jaribu jambo moja dogo. Hesabu dakika. Matangazo yalichukua dakika ngapi, mahubiri ngapi, harambee ya paa jipya ngapi, na wageni wa heshima ngapi? Kisha uhesabu dakika ambazo waumini walimwomba Mungu. Sisemi zile ambazo mtu mmoja alishika kipaza sauti akaomba huku wengine wakitafuta sarafu za sadaka na kunyamazisha watoto. Nasema zile ambazo kanisa zima lilikuwa likiomba. Nimeifanya hesabu hii kwa majuma kadhaa katika mitaa tofauti ya Nairobi, na kuna ibada za saa tatu ambamo maombi hayakufika dakika kumi.

Huenda ukauliza, kwani ubaya uko wapi? Watu wameimba, wametoa, neno limehubiriwa na kila mtu amekwenda nyumbani kula chapati. Ubaya ni kwamba kanisa laweza kujaa hadi watu wakakaa nje chini ya hema, na bado likawa gonjwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya pili, tunasoma kuhusu mambo manne ambayo waumini wa kwanza waliyashikilia: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Sala haikuwa ya kufungulia na kufungia mkutano tu.

Tena, sura chache baadaye, wajane fulani walisahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wale waende wakaombe na kuvumilia, wala hawakuacha sala ili washike vijiko vya kupakulia. Walichaguliwa watu saba wa kushughulikia mgao, na sala ikaendelea. Linganisha na hali yetu, ambapo mchungaji ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndiye anayefuata bima ya basi la kanisa, na ndiye anayengojwa saa nne usiku akaombee mgonjwa. Ataomba saa ngapi?

Ugonjwa wa Korona ulitupima vilivyo. Makanisa yalifungwa Machi 2020, na yalipofunguliwa Julai mwaka huo yalipewa masharti makali: watu wasizidi 100, na ibada isipite saa moja. Saa moja, msomaji! Ilibidi kila kanisa liamue kipi kibaki na kipi kiondoke. Sijasikia hata moja lililoondoa sadaka. Lakini katika miezi ile ya kufungiwa, akina baba ambao watoto wao hawakuwa wamewahi kuwasikia wakiomba walijikuta wamesimama sebuleni, Biblia mkononi, wakitafuta maneno. Wengine waliomba vibaya sana, na watoto wakacheka. Hata hivyo waliomba, na nyumba chache ninazozijua hazijaacha hadi leo.

Mla dakika mwingine ni mwanasiasa. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alisema wanasiasa wanakaribishwa kuabudu kama watu wengine lakini hawatapewa nafasi ya kuhutubu. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa pesa ambazo Rais alikuwa amelitolea kanisa la Soweto hapa jijini. Niliwapongeza wote wawili kimoyomoyo. Lakini kumnyima mbunge kipaza sauti ni nusu ya kazi. Dakika alizoziacha tumezijaza na nini?

Aghalabu tumezijaza na muziki, na hapa najua vijana watanikasirikia. Kuimba ni ibada, tena ibada kubwa. Shida ni pale waimbaji watano jukwaani wanapoimba na watu 500 wanatazama, spika zikinguruma hata huwezi kusikia sauti yako mwenyewe (achilia mbali jirani wa ghorofa ya pili ambaye alifanya kazi zamu ya usiku). Mtu anayetazama ibada bado hajaabudu. Waanglikana wa Kenya walilielewa jambo hili walipotoa ibada yao ya Meza ya Bwana mwaka 1989. Waumini wamepewa mengi ya kuitikia, na mwishoni kila mtu anapunga mkono kuelekea msalabani kana kwamba anautupa mzigo wake pale. Mtoto wa miaka mitano aweza kushiriki, na nyanya yake asiyejua kusoma pia.

Usinielewe kwamba kadiri maombi yanavyorefuka ndivyo kanisa linavyopona. Hasha! Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na mashtaka yaliyofuata yalisema kwamba waumini walihimizwa wafunge hadi kufa. Nawe mwanafunzi unayekesha kila usiku juma la mtihani kwa sababu umeambiwa vitabu ni ukosefu wa imani, kuwa mwangalifu. Maombi yanayokutenga na jamaa zako, yanayokukataza daktari, na ambayo ni mwiko kuyauliza maswali, yakimbie. Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, hakuwaonea haya watu walioomba sana huku mikono yao imejaa damu.

Wazee wetu wa Uamsho walikuwa na njia nyingine. Moto ule uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Kenya. Hawakuwa na vinanda. Walikutana katika vikundi vidogo, wakaimba, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao, kisha wakaombeana. Aliyeiba akarudisha. Aliyemchukia jirani akabisha hodi kwake kuomba msamaha. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa. Nadhani hawangeweza kusimama hivyo kama kila mmoja hangejua kwamba kuna watu wanaomtaja kwa jina mbele ya Mungu.

Hilo la kutajwa kwa jina ndilo ninaloliona likitutoka. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mitumba, mumewe alipofutwa kazi alikwenda kumweleza mzee wa kanisa. Akaambiwa, "Tutakukumbuka katika maombi, mama." Jumapili tatu zikapita. Kila Jumapili yaliombewa mataifa, yakaombewa maendeleo ya jengo, wakaombewa "wote wenye shida mbalimbali". Yeye akabaki katika hao mbalimbali.

Jumatano moja rafiki yake alimpeleka kwa akina mama wanane wanaosali katika chumba kimoja cha kupanga, wengine wameketi kitandani. Walimwuliza mumewe anaitwa nani. Wakamwuliza watoto wanasoma wapi na karo imebaki ngapi. Ndipo wakaomba, kwa zamu, kila mmoja akimtaja mume yule kwa jina kana kwamba wamejuana miaka mingi. Alipotoka, mmoja alimfuata ngazini na pakiti mbili za unga ndani ya mfuko wa karatasi.

Mumewe hakupata kazi juma lile, wala lililofuata. Alipata kibarua miezi mitano baadaye. Mama huyu hajakosa Jumatano hata moja, na Jumapili bado huenda kanisa lile kubwa. Nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto, akasema kwaya yao ni nzuri, na kwamba siku hizi akiketi nyuma huwatazama wanaoingia, akipata mama mwenye uso mzito humfuata nje baada ya baraka na kumwuliza jina.